Kenya Amejitoa

Juzi nilikwenda kwa mkamwana wa Mzee Kenya kumsaidia usafi. Matanga yalishaisha, wageni wameondoka, nyumba imebaki na masufuria ya kuazima na majani makavu kila kona. Mzee tulimzika vizuri, ameondoka amekula chumvi nyingi, hakuna wa kumlilia kwa uchungu sana ila tulilia, si unajua tena, ukianza mmoja na wengine wanafuata. Basi mkamwana akapanda juu ya dari la jikoni, akawa anatupa vitu chini. Vikapu vilivyotoboka. Chungu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichopasuka mdomo. Halafu akasukuma kitu kirefu, kikashuka kwa kishindo, vumbi likapaa, tukakohoa wote.

"Mama," akaniita kutoka huko juu, "hii si ni kuni tu?"

Harufu ilikuwa imeshanifika. Samli iliyochacha, imechanganyika na moshi wa miaka na ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa ile machela ya zamani tuliyokuwa tunabebea wagonjwa. Miti yake miwili imekuwa myeusi kama mkaa, na zile kamba za ngozi ambazo Mzee Kenya alikuwa anazipaka samli ili zisikauke zikakatika njiani na mgonjwa.

Na hapo hapo, sikilizeni mambo, kijana wa bodaboda alikuwa amekaa nje anamngojea mtu, simu yake iko kwenye mfuko wa shati inasema habari. Ikasema Rwanda imejitoa kwenye Jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika ya Kati. Mawe, mama yangu! Mwili wangu ulisisimka wote. Mimi bibi mzima, mwenye wajukuu wa kunisuka nywele, nikakaa chini kwenye majani ya migomba nikashika kifua. Mkamwana akashuka mbio anadhani ni presha.

"Si presha," nikamwambia. "Nimekumbuka kuogopa."

Akacheka. Basi nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimekumbuka kweli, na nyie wa rika langu, mliokuwa watoto wakati ule, nataka niwaambie nilivyoogopa, maana sidhani kama kuna mtoto mwingine kwenye nchi hii aliogopa siasa kama mimi.

Tulikuwa kijijini Nyakakika, nyumba yetu katikati ya kibanja, migomba pande zote na kahawa chini ya migomba. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanarudi. Shule nilikuwa nimeionja tu, na baadaye niliiacha hivyo hivyo, sikufika mbali. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kinyambo. Kiswahili kilikuwa lugha ya nje, ya shule, ya padri na ya redio, na mimi nilikuwa nayajua maneno machache tu, ninayashika kama vile unavyoshika kuku wa mtu, kwa wasiwasi.

Neno moja nililokuwa nalijua vizuri ni jumuiya. Padri alikuwa amekuja akatugawa, nyumba hizi za jirani jirani ziwe pamoja, akasema hiyo ndiyo jumuiya. Leo sala kwangu, wiki ijayo kwako. Mtu akiugua mnambeba, akijifungua mnakwenda na ndizi, akifa mnachimba. Hiyo ndiyo jumuiya niliyoijua mimi. Kwamba kuna jumuiya nyingine, ya nchi na nchi, yenye treni na ndege na maofisi, nani angeniambia? Nani alikuwa anakaa chini na mtoto wa kike kumwambia mambo ya treni?

Na machela ya jumuiya yetu ilikuwa inakaa kwa Mzee Kenya. Jina lake la ubatizo lilikuwepo, lakini hata mkewe alikuwa halitumii. Ujana wake alikwenda Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, akarudi na koti la kaki, kofia, na Kiswahili cha huko. Ukimsalimia shikamoo anajibu, halafu anasema, "Kuja hapa!" Akikuuliza shida yako anasema, "Iko nini?" Na yeye mwenyewe hakuwa anasema mimi nipo. Alikuwa anasema, "Mimi iko." Tukicheka, anatuambia sisi ni washamba. Mtu mrefu, ana mabega kama mlango. Alikuwa anafuga njiwa, wengi, wanakaa juu ya paa lake wanalia kutwa. Machela aliitengeneza yeye, ilikuwa inaning'inia upenuni kwake, na ikitakiwa, mti wa mbele anashika yeye.

Sasa mama yangu alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba hiyo walishakuja watoto wawili baada yangu, na wote hawakulia. Walizaliwa kimya, wakafunikwa kimya, nikaambiwa nikacheze. Kwa hiyo mkunga wa kijijini, yule aliyenizalisha hata mimi, alikuja akamshika mama tumbo, halafu akamwambia bibi yangu, mama yake baba: "Huyu mimi sitamgusa. Akisikia uchungu tu, machela, apelekwe misheni. Msiningojee mimi, msimngojee mtu. Mkichelewa mtawapoteza wote wawili."

Wakadhani nimelala juu ya mkeka. Nilikuwa nimefumba macho tu. Tangu siku hiyo, kila nikipita kwa Mzee Kenya ninaangalia upenuni kwanza. Machela ipo? Ipo. Basi naendelea na safari yangu.

Jioni moja baba akarudi kutoka kwenye rubisi. Huko kwenye rubisi ndiko kulikuwa na redio, wanaume wanakunywa na kusikiliza, halafu kila mmoja anabeba habari kupeleka kwake. Na habari ya redio ilikuwa haigeuzwi Kinyambo. Ilikuja kwa Kiswahili, inafikishwa kwa Kiswahili, ndiyo heshima yake. Ila Kiswahili cha baba yangu, Mungu amrehemu, kilikuwa na mlango mmoja. Kila kitu kilikuwa mtu. Mvua amenyesha. Kahawa ameiva. Baiskeli amepata pancha. Huyu mjukuu wangu anayeniandikia ananisahihisha hata mimi mpaka leo, anasema bibi sio amejitoa, ni imejitoa. Namwambia andika mwanangu, ungekuwepo jioni ile usingecheka.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mimi nachochea moto. Baba akasimama mlangoni, kofia nyuma ya kichwa.

"Mama Koku, umesikia? Kenya amejitoa."

"Amejitoa wapi?"

"Jumuiya! Amejitoa kwa jumuiya. Jumuiya amevunjika. Amekufa kabisa."

Mama hakuacha kumenya. Naye akajibu kwa Kiswahili hicho hicho, walikuwa wanafurahia kukiongea kama watu wa mjini. "He! Na vitu vya jumuiya?"

"Kenya amebaki navyo. Ndege wote wako kwake. Hataki kutoa hata mmoja."

"Makubwa. Na sisi?"

"Sisi tumefunga mpaka. Hakuna mtu kupita."

"Watajuana wenyewe," mama akasema. "Koku, chumvi."

Nilisimama kuchukua chumvi. Mzee Kenya amejitoa kwenye jumuiya! Na vitu vya jumuiya amebaki navyo! Jumuiya yetu ilikuwa na vitu gani? Sanamu ya Bikira Maria inayozunguka nyumba hadi nyumba, na machela. Basi. Sanamu ilikuwa kwetu wiki hiyo, iko mezani imefunikwa kitambaa. Kilichobaki kwake ni machela. Na ndege, ndege nilikuwa nawajua, si wale njiwa? Mimi nilidhani njiwa ni wake, kumbe na wenyewe ni wa jumuiya, na amewakatalia!

Nikamwangalia mama. Anamenya ndizi, tumbo limegusa magoti, ametulia kama hakuna kitu. Nikasema moyoni, mama yangu ni jasiri. Amesikia hukumu yake na ameomba chumvi.

Nimwulize nani? Bibi alikuwa ameshanionya kwamba mjamzito haambiwi habari ya kumshtua, mtoto anaweza kushtuka ndani. Baba naye haulizwi maswali akitoka kwenye rubisi. Nikala ndizi zangu hazishuki.

Na mtu akijitoa jumuiya, nilikuwa nimeshaona. Mlima wa pili kulikuwa na mzee aligombana na wenzake wakati wa sala, akasimama akasema najitoa, msije kwangu nami siji kwenu. Haikupita muda mama yake akafa. Watu wakakaa majumbani mwao. Nilikuwa na bibi tunatoka kuchota maji, tukawaona wale wanawe peke yao wamebeba mwili, hawatoshi, wanateleza kwenye tope, mmoja analia kwa hasira. Bibi akaniinamisha kichwa. "Usiangalie," akasema. Baadaye walipatanishwa, lakini mimi nilikuwa nimeshaangalia.

Kesho yake nikatumwa kwa mke wa Mzee Kenya kuomba moto, maana wetu ulikuwa umezimika. Ile njia tuliyoizoea, inayopita ukingoni mwa kibanja chake, nikaikuta imezibwa. Matawi ya miiba, yamelazwa toka mgomba mmoja hadi mwingine. Mpaka umefungwa! Leo najua ilikuwa ni mbuzi, alikuwa amepanda maharage na mbuzi wa watu wanamaliza. Siku hiyo sikujua mbuzi. Nikarudi na kigae kitupu, nikamwambia mama moto hawana. Akashangaa, "Moshi ule pale si wao?" Nikasema wamesema hawana.

Alhamisi sala ikawa kwetu. Watu wakaja, wakajaa hadi mlangoni. Mzee Kenya hakuja. Tangu nipate akili, mtu huyo hakukosa sala, sauti yake ndiyo iliyokuwa inaanzisha nyimbo. Siku hiyo wimbo ulianzishwa na mkewe, ukaanza juu mno, wanawake wakashindwa kuufuata, wakacheka wakaanza tena. Mimi sikucheka. Mkewe aliposema mzee ana homa, nikaona watu wanaitikia, pole, pole, nikasema hawa wote wanajua, wanafichiana tu kwa ajili ya mama.

Siku iliyofuata nikazunguka kwa nyuma, nikajificha kwenye migomba yake kuangalia upenuni. Machela haipo. Haipo! Nikasogea. Mzee Kenya alikuwa amekaa uani juani, blanketi mabegani, na machela iko chini mbele yake imefunguliwa yote. Miti kule, fito huku, kamba zimezagaa kama matumbo ya ng'ombe aliyechinjwa. Alikuwa anavuta kamba moja kwa meno na mkono, ikakatika, akaitupa. Akachukua nyingine.

Jumuiya amevunjika. Baba alisema hivyo na mimi sasa nimeona kwa macho.

Nilikimbia. Nakumbuka nilifika kwenye mti wa kahawa nyuma ya jiko letu nikaukumbatia, na moyo unapiga hadi naona majani yanatikisika. Nilisali sala zote nilizozijua, na zilikuwa mbili. Nikamwomba Bikira Maria yule wa mezani asiondoke kwetu. Nikamwambia mtoto wa tumboni, wewe kaa humo humo, usitoke, huku nje wameachana.

Hakunisikia. Mchana huo huo, mvua nyepesi inanyesha, baba amekwenda mbali kupeleka kahawa, mama akatoka kibanjani ameshika kiuno. Akashika mgomba. Akashika mgomba mwingine. Alipofika mlangoni akapiga magoti na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, kama ya mwanaume.

Bibi akatoka ndani na kitenge mkononi. Akamwangalia mara moja tu.

"Koku! Kimbia kwa Mzee Kenya. Machela. Kimbia!"

Nikasimama pale pale.

"Wewe mtoto, umekuwa mti?"

"Bibi, machela haipo."

"Haipo imekwenda wapi? Kimbia nimesema!"

Nikamwangalia mama. Aliinua uso, jasho na mvua vimechanganyika, akasema polepole kwa Kinyambo, kama ananiomba maji tu, "Nenda, mwanangu." Basi nikaenda.

Nilipofika kwenye ile miiba sikuzunguka. Nilipita chini yake kwa tumbo, gauni likachanika, mgongo ukachanika, alama moja iko hapa begani hadi leo wajukuu wanaichezea. Nikatokea uani kwa Mzee Kenya nimejaa tope na damu, nikapiga magoti. Mtoto wa kike kwetu anapiga magoti kusalimia, hilo si ajabu, lakini mimi niliganda huko huko chini nimemshika mguu.

"Shikamoo Mzee Kenya."

"Marahaba. Wewe! Iko nini? Nani amekupiga?"

"Mzee Kenya nakuomba rudi."

"Nirudi wapi?"

"Rudi jumuiya. Njiwa baki nao. Njiwa hatuwataki. Sisi tunaomba machela tu."

Akanitazama. Blanketi likamdondoka. "Nani amesema mimi nimejitoa jumuiya?"

"Baba."

"Baba yako!"

"Na redio."

Mkewe alikuwa ametoka jikoni na mwiko. Mzee Kenya akamgeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Redio? Redio ya Dar es Salaam imenitaja mimi?"

"Imesema Kenya amejitoa," nikasema, na kilio kikanishinda, "na jumuiya imekufa, na mama amepiga magoti mlangoni, na mkunga alisema tukichelewa watakufa wote wawili, na wewe umekata kamba."

Sijui alielewa lipi katika hayo. La redio nafikiri alilielewa baadaye. La mama alilielewa papo hapo, maana uso wake ulibadilika, kama homa imemtoka, akawa yule wa siku zote.

"Kamba zimeoza, mtoto, nazibadilisha! Mama Tereza, kuja hapa! Shika huku. Vuta!"

Mkewe akatupa mwiko. Kamba mpya zilikuwa hazitoshi, nusu ya machela iko wazi, ukimlaza mtu anaangukia katikati. Mzee Kenya akaingia ndani nikasikia anavunja kitu. Akatoka na kamba za kitanda chake mwenyewe, amezikata zote, akaanza kufunga, mikono inakwenda kama ya mtu anayesuka, na huku anaongea, "Vuta. Shika. Hapo. Sawasawa kabisa." Halafu akasimama kwenye kichuguu akapiga enduru, ule ukelele wetu wa kuitana kwenye hatari. Uuuuwi! Ukapanda mlima ule, ukajibiwa. Ukajibiwa na mlima mwingine. Mimi nilikuwa ninazihesabu zile sauti kichwani, huyu amejitoa, huyu hajajitoa, maana nilikuwa bado siamini.

Wakaja. Walitokea kwenye migomba kila upande, wengine na mapanga, wengine hawajavaa shati. Akaja hata Baba Yohana, jirani yetu Mlutheri, ambaye kwenye jumuiya yetu hakuwemo kabisa, wala sanamu yetu alikuwa haipendi. Nikashangaa nikasema huyu amejiunga lini?

Mama akalazwa, akafunikwa kitenge, juu yake majani ya mgomba kwa ajili ya mvua. Bibi akaninong'oneza nibaki, nikakataa, nikashika ncha ya kitenge cha mama. Akaniacha. Yeye miguu ilikuwa haimwezi tena kwa mwendo kama ule.

Mkiambiwa kubeba machela msidhani ni kutembea. Ni kukimbia kwa hatua fupi fupi, ili mgonjwa asirushwe. Mbele Mzee Kenya, anapumua kama ng'ombe, homa na yote. Akichoka mmoja anasema "Badili!" na mwingine anaingiza bega bila machela kusimama. Na midomo haifungwi. Ndiyo desturi, mgonjwa asiachiwe kimya akaanza kufikiria.

"Mama Koku, umekula nini? Umebeba mtoto au jiwe la kusagia?"

"Amebeba padri huyu!"

"Baba Yohana, leo Mlutheri umembeba Maria!"

"Mimi nimembeba jirani," Baba Yohana akajibu, "Maria wenu mkambebe wenyewe kesho."

Wakacheka mbio mbio. Mama naye nikasikia amecheka kidogo, halafu kicheko kikakatika katikati kikawa ile sauti nzito. Wakaongeza mwendo. Nilikuwa ninakimbia pembeni, nimeshika kitenge, na nilichokuwa naangalia ni zile kamba za kitanda. Zilikuwa nyeupe kati ya zile nyeusi za zamani. Kila machela ikiyumba, zinalia. Nikasema zikikatika sasa, mama anaanguka.

Tulipofika kijitoni, maji yalikuwa yamepanda yamefunika magogo ya kuvukia. Mafunjo yanainama. Wanaume wakasimama. Hiyo ndiyo mara ya pekee machela ilisimama, na nilihisi kila kitu kimesimama. Mmoja akasema tungoje yapungue. Mama alikuwa amefumba macho, mdomo wake mweupe, haniangalii.

"Kungoja nini?" Mzee Kenya akasema. "Mkunga alisema nini? Inueni juu ya kichwa."

Wakaiinua juu. Wakaingia majini wamejipanga, mikono juu, maji kifuani, wanapapasa magogo kwa miguu. Mimi nikabaki ukingoni peke yangu, kitenge kimenitoka mkononi. Namwona mama yangu anakwenda juu ya maji, juu ya vichwa vya watu, kama anayeondoka. Nawaambia wenzangu, nimeona vita baadaye, nimeona njaa, nimezika mume. Sijawahi kuogopa tena kama pale.

Baba Yohana ndiye aliyenirudia. Akanitupa mgongoni kama mzigo wa kuni, akavuka nami.

Misheni walimpokea mama mlangoni, wakamwingiza, mlango ukafungwa. Tukakaa kibarazani, wanaume wote wale wamelowa, wanatoa mvuke kama ng'ombe. Hakuna aliyetania tena. Mzee Kenya alikuwa ametandaza machela mvuani, anaikagua kamba moja moja, na meno yanagongana kwa baridi na homa. Nilikwenda nikakaa karibu naye, si kwa kumpenda, kwa kumlinda asiondoke nayo.

Halafu mtoto akalia.

Ee, wenzangu! Alilia kwa hasira kama amedhulumiwa. Wanaume wakasimama wote. Mmoja akapiga kofi ukuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa wote wawili, na nilikuwa nimesikia mmoja tu. Nikasimama nikaushika mlango kwa mikono miwili. Muuguzi akafungua, akaniona nilivyo, gauni limechanika, damu, tope, akadhani mimi ndiye mgonjwa. Akaniinua akanionyesha. Mama alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Akanikonyeza. Mama yangu, alikuwa hajui kukonyeza, alifumba macho yote mawili, lakini nilimwelewa.

Mvua ikakatika, jua likatoka lile la kuelekea jioni. Baadhi wakabaki kumngoja baba, wengine wakarudi. Nikaambiwa nirudi nikampe bibi habari. Nikatembea kidogo, nikateleza nikakaa kwenye tope. Mzee Kenya akasimamisha machela, yeye mbele, Baba Yohana nyuma. "Panda."

Nikakataa. Machela ni ya wagonjwa na maiti, mtoto mzima hapandi.

"Mimi nasema panda. Nani mwenye machela?"

"Jumuiya," nikasema.

Baba Yohana akacheka hadi machela ikatikisika. Wakanipandisha. Nikalala chali kwenye kamba za kitanda cha Mzee Kenya, harufu ya samli puani, majani ya migomba yanapita juu yangu, na bado ninatetemeka, maana mwili wa mtoto haujui kwamba mambo yameisha. Tukaenda. Nasikia miguu yao tu kwenye tope. Kisha Mzee Kenya akaita, bila kugeuka.

"Koku. Hebu sema tena. Hiyo redio ilisema nini juu yangu?"

"Ilisema Kenya amejitoa."

"Na ikisema tena, utaijibu nini?"

Nikafikiria. Nikatafuta katika Kiswahili changu kidogo, nikapata kile chake.

"Nitaiambia Kenya iko."

"Sawasawa kabisa," akasema, akabadili bega.